Mshale wa mti: kukata pengo la kamba kwa mkono bila kuupasua

Mshale wangu wa kwanza nilioutengeneza mwenyewe ulikuwa mzuri wa kutazama kwelikweli, umenyooka, manyoya yamekaa, nikaupachika kwenye upinde nikavuta nikaachia nikasikia paa! Mshale haukwenda popote. Kamba ilikuwa imeupasua kuanzia nyuma mpaka karibu katikati kama mtu anapasua kuni, ikapita yenyewe, na upinde ukapiga hewa. Mkono wa juu wa upinde ukaingia ufa. Upinde nilioukalia wiki tatu nauchonga, umekufa kwa risasi moja. Kosa lilikuwa wapi? Pengo la nyuma, pale kamba inapokaa (wazee kamba hiyo wanaiita upote), nilikuwa nimelikata kufuata nyuzi za mti badala ya kuzikata.

Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye hilo pengo, mengine nitapita haraka kidogo. Na tuelewane, hii ni mishale ya kulenga shabaha, sio ya kuwindia. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 na huku Tanzania bila kibali utapelekwa pabaya.

Tuanze na mti wenyewe, wano kama linavyoitwa kwa Kiswahili cha zamani. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni fito za porini, mkole ndio unaosifiwa, na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi ukiwaona wanavyofanya utakaa chini: fito inamenywa maganda, inapitishwa juu ya moto ikipata joto, halafu jamaa anaibana na meno na kuikunja taratibu huku anaichungulia kwa jicho moja mpaka inyooke. Wewe tumia mikono tu, meno ya mjini haya hayawezi. Fito ikate ikiwa mbichi, funga mzigo kwa kamba, weka kivulini wiki kadhaa ikauke polepole, usianike juani itapasuka. Upande mnene wa fito uwe mbele, mwembamba nyuma kwenye pengo.

Njia ya pili ndiyo naitumia mimi kwa sababu nakaa Dar, ni ubao. Paina ile ya Mafinga inafaa kabisa ila usichukue ubao wowote unaopewa, simama hapo uchague, fundi mbao atanuna mwache anune. Tazama ubavu wa ubao, mistari iende moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho bila kutoka pembeni na bila macho ya matawi. Ukipata, mwambie akuchanie vijiti vya sm 1 kwa sm 1, urefu sm 80. Chukua ubao mwingine uchimbe mfereji wa umbo la V, laza kijiti humo, piga randa pembe nne ziwe nane, nane ziwe kumi na sita, halafu malizia na msasa mpaka kiwe duara. Toboa tundu la mm 9 kwenye kipande cha chuma, mshale ukipita humo kwa kusugua kidogo ujue umefika.

Ugumu wa mshale ndio watu wengi wanauruka halafu wanalalamika mishale inakwenda kushoto. Mshale ukiachiwa unajipinda ubavuni mwa upinde, ukiwa mgumu sana au laini sana hautaenda unakolenga. Pima hivi: weka mshale juu ya misumari miwili iliyoachana sm 66, ning'iniza katikati uzito wa gramu 907, halafu pima umebonyea milimita ngapi. Ukibonyea mm 13 huo ni wa upinde wa paundi 50 (paundi hapa ni nguvu ya kuuvuta upinde), mm 16 na nusu ni wa paundi 40. Chupa ya maji ukiipima vizuri kwenye mizani ya dukani inatosha. Upinde wa paundi 40 mpe mishale ya hapo hapo au pungufu kidogo, na mishale yote ya seti moja iwe karibu sawa, ambao haukufanana weka pembeni usilazimishe.

Haya sasa pengo. Kata ncha ya nyuma iwe safi kabisa, ilowanishe kidogo na mate au maji uitazame kwenye mwanga. Utaona mistari imelala sambamba, hiyo ndiyo miduara ya ukuaji wa mti. Pengo lako LIIKATE hiyo mistari, yani kama mistari imelala kulia kwenda kushoto, msumeno ushuke juu kwenda chini. Chora kwa penseli kabla hujagusa msumeno, chora na ubavuni ujue unaishia wapi. Kina cha mm 10 kinatosha, ukizidisha unadhoofisha, ukipunguza kamba inateleza. Na ukikata hivyo unapata faida nyingine ya bure, mshale unakaa na ubavu wake mgumu kwenye upinde, na hivyo hivyo ndivyo unavyotakiwa kuulaza kwenye ile misumari unapopima.

Msumeno: chukua bleidi tatu za msumeno wa chuma, zipange pamoja meno yakiangalia upande mmoja, zifunge kwa selotepu. Upana wake unakaribia mm 3 ambao kamba nyingi zinakaa humo. Bana mshale kwenye jiriwa lakini uviringishie kitambaa usije ukauponda, halafu kata polepole mno, acha meno yafanye kazi usisukume. Ukifika chini pengo litakuwa na pembe mbili kali, na ufa unaanzia kwenye pembe. Chukua tupa ndogo ya mviringo, au msasa uliouviringisha kwenye msumari, zungusha chini pawe kama herufi U. Midomo ya pengo nayo ilainishe isije ikakata kamba.

Bado hujamaliza. Chini kidogo ya pengo, sio juu yake, viringisha uzi wa nailoni au wa fundi viatu, mizunguko imebanana, kama sentimita moja hivi, halafu tonyesha supa glu mpaka uzi unywe. Huo uzi ndio unazuia pengo lisifunguke, na kwa mshale wa fito ni lazima maana katikati mwa fito kuna kiini laini.

Kama upinde wako unazidi paundi 45 mimi nashauri uongeze kiraka. Kabla ya kukata pengo, kata kwa bleidi moja mfereji mwembamba wa sm 3 kwenda chini, huu sasa ufuate mistari, halafu ingiza kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe au mpingo chenye gundi. Kikikauka sugua kiwe sawa na mshale, ndipo ukate pengo likipishana na kiraka kama msalaba. Kamba inakaa juu ya kitu kigumu, haipati njia ya kupasua. Waingereza walifanya hivyo hivyo zamani, ile meli yao ya vita Mary Rose iliyozama 1545 na kuibuliwa 1982 ilikutwa na mishale zaidi ya 3,500, na kwenye mapengo yao palikuwa na mfereji wa kiraka cha pembe. Vipande vya mpingo nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, wanavitupa. Ila mpingo una mafuta, ufute kwanza na spiriti la sivyo gundi haishiki, na vaa barakoa vumbi lake linawasha.

Manyoya sasa, matatu, ya bata mzinga au bata bukini, yote ya bawa la upande mmoja, usichanganye kulia na kushoto. Pasua uti kwa wembe, sugua, kata sm 10 hadi 12, anzia kama sm 3 toka mwisho wa mshale ili vidole vipate nafasi. Unyoya mmoja usimame ukitazama mbali na upinde, yani uwe pembe mraba na pengo, hayo mengine mawili yatajipanga. Kichwa cha chuma cha gramu 7 au 8 kinatosha, chonga ncha ichongoke, gundi, kwisha. Vanishi mara mbili, msasa laini katikati.

Kabla ya kupiga, pachika mshale kwenye kamba halafu uache uning'inie wenyewe. Ukianguka bila kuguswa pengo limepanuka, fanya mwingine. Igonge kamba kwa kidole, mshale udondoke hapo hapo. Ukigoma kudondoka pengo linabana, rudi na msasa kidogo, kidogo nasema. Na kila ukiokota mshale toka kwenye shabaha ukunje taratibu huku umeuweka karibu na sikio, ukisikia kitu kinalia, hata kama macho hayaoni ufa, vunja kabisa palepale usije ukajisahau ukaurudisha kwenye podo. Mimi kichwa natoa kwa kukipasha moto, natia kwenye mshale mwingine.