Kupima kazi za watu bila kuwawekea idadi

Nishasimamia wasafisha vyumba hotelini huku Paje, zamani kila mtu tulikua tunampa vyumba 12 kwa siku, basi ikifika saa tano vyumba vishaisha lakini ukiinua godoro mchanga wa pwani umelala pale pale, na mgeni ndo anaukuta usiku. Yule Mmarekani W. Edwards Deming, aliewafundisha Wajapani mambo ya ubora 1950, alikua hataki kabisa hizi idadi, kwake yeye tatizo kubwa liko kwenye utaratibu wa kazi, si kwa mtu.

Fanya hivi. Kaeni na wenyewe mkubaliane chumba kilichokamilika kikoje: chandarua hakina tundu, bomba halivuji, chini ya kitanda hakuna mchanga. Halafu kila siku ingia chumba kimoja viwili pamoja na aliekisafisha, muulize leo nini kimemkwamisha. Hapo ndo utajua mambo, mara maji yalikatika, mara mgeni katoka saa saba. Kuna dada mmoja nilikua namuona mvivu, kumbe gari la dobi linashusha shuka getini na yeye ndo anaewabebea wenzake wote!

Hayo yaandike kwenye daftari, na kuyatatua ni kazi yako wewe bosi. Malalamiko ya wageni yasome pia, ila usimhukumu mtu kwa lalamiko moja. Na usibandike ukutani nani wa kwanza nani wa mwisho, watafichana mpaka sabuni.