Kuchambua shairi la uhuru: shika jembe kwanza, jina la tamathali baadaye

Nikisahihisha karatasi za fasihi, jibu ninalokutana nalo mara nyingi ni hili: "Mshairi ametumia tashbihi, tashihisi, sitiari na takriri." Mfano mmoja mmoja, basi. Majina yote ya tamathali (mbinu za kuipamba lugha) ni sahihi, ila shairi lenyewe halijaguswa. Kwa hiyo darasani huwa natumia beti hizi mbili, nilizozitunga mwenyewe kuhusu uhuru wa Tanganyika:

Walipanda mlimani, mwenge wetu kuuweka,
Ukawaka kileleni, giza likatetemeka,
Theluji kama kitani, nuru ikaifunika,
Uhuru jembe shambani, lisoshikwa hutuzika.

Babu kachanwa na mwiba, katika mkonge wao,
Kipande hakikushiba, kikala hata kilio,
Je, nani alimziba, mdomo na masikio?
Uhuru jembe shambani, lisoshikwa hutuzika.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti, hesabu kwa vidole

Usisome kimoyomoyo. Gonga meza kila silabi: wa-li-pa-nda-m-li-ma-ni. Nane. Wengi hupata saba kwa kuimeza ile "m" ya mlimani, nayo ni silabi kamili. Lakini "mwe" ya mwenge ni silabi moja tu. Ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) una mizani, yaani silabi, 8 na utao (nusu ya pili) 8, jumla 16 kwa kila mshororo. Mishororo ni minne, kwa hiyo ni tarbia. Vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu) vya ubeti wa kwanza ni -ni na -ka. Wa pili -ba na -o, isipokuwa kwenye kibwagizo (mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti). Ni shairi la kimapokeo, yaani linalofuata vina na mizani. Hayo yaandike haraka usonge mbele, kwa sababu alama nyingi haziko hapo.

Hatua ya 2: Orodhesha vitu vinavyoshikika

Kabla ya jina lolote la tamathali, andika vitu: mwenge, theluji, kitani, jembe, mwiba, mkonge, kipande. Kisha uliza kila kimoja kimetoka wapi.

Mwenge una historia. Mwaka 1959 Nyerere alilieleza Baraza la Kutunga Sheria kwamba tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Uhuru ulipofika, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha kweli. Asiyelijua hilo ataandika "mwenge ni ishara ya mwanga" na kuishia hapo.

Kipande nacho vijana wa leo hudhani ni kipande cha mkate. Kilikuwa kadi ya kibarua. Kila siku ya kazi iliwekwa alama, na ujira ulitoka siku 30 zikitimia. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa, alama huna.

Hatua ya 3: Vunja mstari

Hapa ndipo kwenye kazi. Chukua mstari, useme kikavu kama unavyomweleza jirani, kisha tazama kilichopotea.

"Giza likatetemeka." Kikavu: giza likapungua. Kimepotea nini? Hofu. Chini ya mkoloni waliotetemeka walikuwa watu, na hapa giza ndilo linalotetemeka: hofu imehamia upande wa pili. Sasa andika neno tashihisi (kukipa kisicho mtu matendo ya mtu), maana una la kusema juu yake.

"Kipande hakikushiba." Kikavu: kazi ilikuwa nyingi. Babu alikwenda mkongeni apate chakula, lakini anayekula kwenye ubeti huu ni kadi, tena inakula hadi kilio. Ni tashihisi nyingine, ila kazi yake tofauti kabisa na ile ya kwanza. Ukiziweka zote mbili kwenye sentensi moja umeziua.

Sasa jembe. "Uhuru jembe shambani" ni sitiari (ulinganisho usiotumia "kama"), kila mtu huiona, na "lisoshikwa" ni inkisari (ufupisho) ya lisiloshikwa ili mizani itoshe. Wengi huishia hapo. Lakini kwa nini "hutuzika"? Kwa sababu jembe lile lile la kulimia ndilo la kuchimbia kaburi. Usipolishika wewe ukalima, njaa italishikisha wengine wakufukie. Tena mstari unarudi mwisho wa kila ubeti: mara ya kwanza baada ya shangwe za mlimani, mara ya pili baada ya mateso ya babu. Maneno hayakubadilika, lakini mara ya pili yanatisha zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya takriri (kurudia maneno) hapa. "Kusisitiza ujumbe" ni jibu la uvivu.

Na kitani? Kusema kweli, kimeingia kwa ajili ya kina. Tashbihi (ulinganisho wa "kama") ipo, itaje kwa mstari mmoja, usiibebeshe falsafa.

Hatua ya 4: Andika aya, si orodha

Aya moja kwa tamathali moja: nukuu, jina, kilichopotea ulipovunja mstari, kisha dhamira inayohusika. Aya tatu za namna hiyo nazipa alama nyingi kuliko majina kumi.

Mstari mmoja nimekuachia makusudi: "Je, nani alimziba, mdomo na masikio?" Ni balagha (swali lisilosubiri jibu), sawa. Kuzibwa mdomo kunaeleweka. Masikio je, babu alizuiwa kusikia nini? Jaribu kwanza kuuvunja, na ukihesabu mizani usiisahau ile "m" ya alimziba.