Eti asilimia 60 wanapika kwa mkaa? Pima hivi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Ninasimamia wadodosaji hapa Dodoma, na mtu akinitajia asilimia za mkaa nataka zipimwe, maana ndizo zinazopangiwa bajeti.

Tuseme dai ni kwamba asilimia 60 ya kaya za mtaa mmoja wa Nkuhungu zinategemea mkaa. Kabla hujatoka ofisini andika: dai ni 0.60, nitalikataa jibu la hesabu ya mwisho (tofauti ya sampuli na dai, ikigawiwa kwa kiasi ambacho sampuli huyumba) likizidi 1.96 upande wowote, wa kujumlisha au wa kutoa. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani dai la kweli hukataliwa kimakosa kama mara 5 kati ya 100. Ukikipanga baada ya kuona majibu, unajipendelea.

Kwenye sampuli usiwe na haraka. Omba orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa mtaa. Zikiwa 2,400 nawe unataka 200, chukua kila ya kumi na mbili, ukianza na namba ya kuokota kati ya 1 na 12. Ukikuta mlango umefungwa, usihamie kwa jirani, rudi jioni. Anayeshinda kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, huenda hapiki kama anayeshinda nyumbani. Swali nalo lipime dai lenyewe. Kaya nyingi zina mtungi wa gesi kwa chai na jiko la mkaa kwa maharage, kwa hiyo ukiuliza "Mnatumia mkaa?" utajaziwa ndiyo tupu. Uliza: "Wiki iliyopita, milo mingi mlipikia mkaa, kuni, gesi au umeme?"

Hesabu ni fupi. Waliojibu mkaa wakiwa 104 kati ya 200, hiyo ni 0.52, ukitoa 0.60 unapata −0.08. Zidisha 0.60 kwa 0.40, gawa kwa 200, tafuta kipeuo cha pili: 0.0346. Hapo tumia 0.60 ya dai, siyo 0.52 yako, kwa kuwa unapima sampuli ingeyumba kiasi gani dai lingekuwa kweli. Gawa −0.08 kwa 0.0346: −2.31. Imezidi 1.96, dai linakataliwa. (Njia hii inafaa pale 200 × 0.60 na 200 × 0.40 zote zinapofika 10 au zaidi.)

Kwenye ripoti usiandike kwamba mkaa umepungua. Hukupima mwaka jana. Andika kwamba kaya zinazotegemea mkaa katika mtaa huo zinakadiriwa kuwa kati ya asilimia 45 na 59 (hapa unatumia 0.52 yako: zidisha kwa 0.48, gawa kwa 200, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96, kisha toa na ujumlishe kwenye 0.52). Waliojibu mkaa wangekuwa 114, jibu lingekuwa −0.87, nawe ungeandika kwamba data hazitoshi kulikataa dai, bila kusema limethibitishwa.