Makombe ya kome: ule mng'ao wa ndani usiuchome wala usiutie siki

Huku mialoni kwetu Ziwa Victoria upande wa Uganda, iwe Lambu au Jinja, makombe ya kome tunayajua kwa kazi moja tu, unasaga unachanganya kwenye chakula cha kuku wa mayai, na hiyo endeleeni nayo. Ila geuza kombe moja uangalie ndani. Ile tabaka ya lulu inayong'aa rangi rangi ndio watafiti wa tiba ya mifupa wanaitaka, kwa vile karibu asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti ya aina ya aragonaiti, imejipanga visahani vyembamba sana, kila kimoja unene kama nusu maikroni (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), alafu katikati kuna protini na kaitini (kitu kama kile cha magamba ya wadudu) kidogo inayoshika kama udongo kati ya matofali. Mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa akiwemo Evelyne Lopez walionyesha tabaka ya lulu ya chaza wa baharini inaamsha seli za mfupa wa binadamu zitengeneze mfupa. Huyo ni chaza wa bahari, wa kwetu lazima apimwe kivyake, kwa hiyo tafuta kwanza maabara itakayopokea mzigo ndio uanze kuokota.

Okota makombe matupu yaliyotupwa na mawimbi. Kome hai mwache jamani, anachuja maji ya ziwa, anakua polepole, na watoto wake lazima wapande kwenye samaki ndio wakue, sasa ukimaliza kome na samaki wakapungua kizazi hakirudi. Chagua yale mazito yasiyopauka, yaliyokaa juani sana yanameguka. Vaa gambuti, kichocho kipo kwenye maji ya pembeni.

Kusafisha: maji safi na brashi ngumu, basi. Hapa ndio watu wanaharibu. Mtu anaona uchafu hautoki anamwaga siki au maji ya betri, asidi inakula kalsiamu yenyewe, kombe linabaki limechubuka. Mwingine anachoma ili nyama iliyobaki itoke, sasa moto unaunguza ile protini na kugeuza aragonaiti kuwa kalsaiti, yaani aina nyingine ya kalsiamu kaboneti, ukizidi unapata chokaa ya kupaka ukuta. Hata Jik waachie maabara, inakula protini, na ikikutana na siki inatoa gesi ya kuua. Anika kivulini.

Gamba la nje la kahawia na tabaka ngumu chini yake unaondoa kwa msasa, kombe likiwa limelowa muda wote, mpaka ubaki mng'ao pande zote. Usisugue kavu hata siku moja! Vumbi lake linaumiza mapafu, na Ulaya karne ya 19 vijana waliochonga vifungo vya lulu walikuwa wanaugua mifupa. Barakoa ivae hata kama kuna maji, na watoto wakae mbali.

Kusaga unga waachie maabara, maana kinu chako cha mahindi kitaingiza chuma na uchafu, na huo unga wa nyumbani usimpake mtu kwenye kidonda, vijidudu vyake havijauawa.

Mwisho, kila gunia liwe na karatasi: mwalo gani, tarehe gani. Kombe linabeba metali za maji lilikokulia, kwa hiyo ya karibu na mfereji wa mji au kiwanda usichanganye na ya visiwani Kalangala, gunia moja chafu linafanya mzigo wote urudishwe.