Somo: Kupata marafiki ukubwani, hatua kwa hatua

Wengi mmeniuliza useme nini unapokutana na mtu mara ya kwanza. Nitafika huko, ila neno la kwanza ndilo jepesi. Kazi iko kwenye kuonana tena. Shuleni tulipata marafiki bila kufundishwa kwa sababu tulikaa na watu wale wale kila siku. Ukubwani hakuna anayekupangia dawati, inabidi ujipangie mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pa kurudi. Kikundi cha watu 8 wanaokutana kila wiki kinakufaa kuliko sherehe ya watu 200. Kwaya, mazoezi, darasa la jioni, kazi ya kujitolea, chochote unachokipenda kweli. Utafiti uliofanywa kwenye makazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1950, ulionyesha kwamba watu walifanya urafiki zaidi na majirani wa mlango wa pili kuliko wa milango ya mbali kidogo, hata ndani ya jengo moja. Nenda angalau mara sita kabla ya kusema hapakufai.

Hatua ya 2: Anza na kilicho mbele yenu. Salimia, kisha taja jambo mnaloliona wote. “Leo mwalimu ametukimbiza kweli, miguu yako bado inakubeba?” Inatosha. Mshahara, ndoa na watoto viache kwanza.

Hatua ya 3: Uliza swali la pili. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtu anasema, “Nimehamia huku mwezi uliopita,” nasi tunadakia kusimulia tulivyohama sisi. Tulia. Muulize, “Nini kilikuleta?” Akisema kazi, muulize anaionaje hiyo kazi mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha mwaka 2017 kwamba anayeuliza maswali, hasa yanayofuatilia jibu alilopewa, hupendwa zaidi na anayezungumza naye. Lakini usimhoji kama askari: kila baada ya maswali mawili, toa nawe kitu chako kidogo.

Hatua ya 4: Shika jina lake na jambo moja alilokwambia. Ukifika nyumbani, liandike. Wiki ijayo, “Mtihani wa mwanao ulikwendaje?” itamwonyesha kwamba ulimsikiliza.

Hatua ya 5: Alika kwa siku na saa. “Tutafutane siku moja” haijawahi kukutanisha watu. Sema, “Jumamosi saa kumi natembea kidogo, twende wote?” Kisha uwe na subira. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria mwaka 2018 kwamba kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, na rafiki wa karibu huhitaji zaidi ya 200. Mkionana saa mbili kwa wiki, hizo 50 ni karibu nusu mwaka. Kwa hiyo ukiwa mwezi wa pili na bado mnasalimiana tu, hujashindwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kila nikimaliza kuongea na mtu nahisi nimemchosha. Nifanyeje?
Pole sana, ndugu yangu. Hisia hiyo hutudanganya wengi. Utafiti wa mwaka 2018 uligundua kuwa baada ya mazungumzo na mtu mgeni, watu kwa kawaida hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Basi usiihukumu nafsi yako usiku ule ule. Rudi wiki ijayo uone atakavyokupokea.

Nimemwalika mara mbili, kila mara ana udhuru.
Je, alipendekeza siku nyingine? Kama ndiyo, alika tena. Kama hapana, mwache apumzike, endelea kumsalimia kwa uchangamfu, na geukia mwingine. Huenda ana mzigo usioujua.

Nina watoto wadogo, jioni zangu zote zimejaa.
Usiongeze safari, ongeza mtu kwenye safari uliyonayo. Mzazi mnayepishana naye mkipeleka watoto anaweza kutembea nawe kurudi.

Rafiki tuliyepoteana miaka kumi, ni vibaya kumtafuta?
Si vibaya hata kidogo. Usianze kwa lawama wala maelezo marefu ya ukimya wako. Mwandikie hivi: “Leo nimepita mahali nikakumbuka siku ile tuliponyeshewa mvua. Hujambo? Ningependa kusikia sauti yako. Jumapili jioni nikupigie?”