Maua ya baharini yanayokula samaki: namna ya kuyaona maji yakitoka

Kuna watu wanakuja pwani kila mwaka, wanaogelea, wanapiga picha jua likizama, wanarudi bara bila kujua kwamba pale mwambani walipopita kulikua na maua yanayokula samaki. Yani ni wanyama kabisa, wanaitwa anemoni, wana mdomo na tumbo, ila ukiwaona utaapa ni ua. Mi nilijua nikiwa mdogo, nilimfata shangazi kusaka pweza nikataka kuchuma moja nimpelekee mama, akanipiga kibao cha mkono, "we, linawasha hilo!"

Kwanza chagua siku. Nenda bamvua, yani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Unguja na Mombasa siku hizo maji yanakua yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4 hivi, ndo maana mwamba unabaki nje. Siku za maji mafu, yani maji yasipotoka sana, kaa nyumbani ufue nguo. Toka saa tatu, yafate maji yakiwa yanashuka, na yakianza kurudi na wewe rudi hapo hapo, maana yanajaa kwanza kwenye mabonde ya nyuma yako wakati we uko mbele unashangaa.

Vaa raba za zamani zenye soli ngumu, sio kandambili. Kuna miba, na kuna yule samaki anayejifanya jiwe, ana sumu mgongoni, akikuchoma chovya mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia huku watu wanatafuta gari la kukupeleka hospitali.

Haya sasa, tafuta vidimbwi. Simama kivuli chako kisiangukie maji, chuchumaa, tulia. Ukiona kidonge kama jeli kimeganda kwenye jiwe, huyo ni anemoni amejifunga. Usimchokoe. Kama yuko ndani ya maji subiri, baada ya muda atafungua mikono yake yote duara kama ua la alizeti. Ile mikono ina vishale vidogo sana vya sumu, kisamaki kikigusa kimekwisha, kinasukumwa mdomoni hapo katikati, na mabaki yanatokea tundu hilo hilo (samahani kama unakula). Ukimgusa kwa bahati mbaya usijifute macho.

Kwenye maji marefu kidogo, ukiwa na miwani ya kuzamia, angalia kama kuna vile visamaki vya mistari myeupe vinacheza ndani ya hiyo mikono. Havidhuriki sababu ya ute wa ngozi yao. Na yule mkubwa kuliko wote ni jike, akifa basi mumewe anageuka jike, sikutanii.

Juu ya matumbawe utaona vimiti viwili viwili vya rangi, vidogo kama ncha ya kidole, bluu, njano, nyekundu. Hao ni minyoo. Pitisha mkono juu yao bila kugusa, vyup, wameingia ndani. Ua la kweli haliogopi kivuli, hicho ndo kipimo changu mimi. Ila ukikuta waridi jekundu laini limebandikwa kwenye mwamba na halishtuki, usidhani umepata ua, hayo ni mayai ya konokono asie na gamba.

Ukigeuza jiwe lirudishe lilivyokua, na usimtie mnyama yeyote kwenye ndoo umpeleke nyumbani, atakufa tu. Watamu na Malindi ni hifadhi tangu 1968, unalipa kiingilio na hugusi kitu.

Walio mbali na bahari msinune. Kagueni maua ya bustanini taratibu, kuna mdudu vunjajungu mmoja anayejifanya ua, mweupe mwenye kijani na pinki, mbawani ana duara kama jicho, anakaa kimya anasubiri nyuki. Wazee wanasema ukimshika utavunja chungu, kwahiyo mwangalie tu.