Jinsi ya kutengeneza komiki ya kurasa 8: stelingi, msaidizi wake na kuku mwenye nguvu za ajabu

Wadau, mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye mtoto, mdogo wake au mpwa anayejaza madaftari michoro ya mashujaa, na hata wewe mtu mzima kama unapenda hizi mambo. Juzi nimemaliza kumsaidia mpwa wangu kutoa komiki yake ya kwanza, karatasi moja tu ya A4, inakunjwa inakuwa kitabu cha kurasa 8 bila gundi bila pini. Kuna sehemu mbili zilitula masaa, nguvu ya mnyama na mpangilio wa kurasa, kwahiyo hizo nitazieleza kwa urefu na nyingine nitapita haraka.

Mahitaji: karatasi za A4, penseli, ufutio, rula, mkasi, na kalamu nyeusi ya wino mzito. Simu na programu za kuchorea weka pembeni kwanza. ibisPaint X ni nzuri na mimi naitumia, ila komiki ya kwanza ichorwe kwa mkono, mtoto aone karatasi inavyogeuka kitabu mbele ya macho yake.

Hatua ya 1: Watu wako watatu

Unahitaji stelingi, msaidizi na mnyama. Adui atakuja mwenyewe.

Msaidizi usimfanye mbeba mizigo. Batman alianza 1939 akiwa peke yake, na 1940 wakamletea Robin, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo ya kwamba Batman hana wa kuongea naye, mtu akiwa peke yake kila anachowaza inabidi kiandikwe tu. Sasa kwenye komiki ya kuchekesha msaidizi ana kazi nyingine kubwa zaidi: yeye ndo anayeona kitu ambacho stelingi hajakiona. Stelingi ana misuli na sauti kubwa, msaidizi ana macho. Sisi tulipata hawa: Radi (akipiga makofi ngurumo inalia mji mzima), Zuwena msaidizi wake wa miaka 11, na kuku wa Zuwena anaitwa Kishingo kwa sababu ni kishingo kweli, shingo haina manyoya.

Hatua ya 2: Nguvu ya mnyama (hapa usikimbie)

Hapa ndo wengi wanakwama na mpwa wangu alikwama hapa hapa. Mtoto ukimwachia atakwambia kuku anaruka, anatoa moto, ana nguvu kuliko tembo, anaongea, halafu hawezi kufa. Sawa, lakini hadithi imeisha kabla haijaanza, maana kuku wa hivyo adui gani atamsumbua?

Angalia waliotangulia. Mbwa wa Superman, Krypto, alitokea 1955 akiwa na nguvu zote za bosi wake, anaruka mpaka angani, lakini raha yake haiko kwenye nguvu, raha ni kwamba bado ni mbwa, anataka kucheza na anasahau kazi. Streaky, paka wa Supergirl, yeye alikuja 1960 na nguvu zake zinakuja na kukata, na hapo tayari una hadithi, zitakata saa ngapi? Lockjaw wa komiki za Marvel, wa 1965, ni mbwa mkubwa aina ya bulldog anayehamisha watu kutoka sehemu moja kwenda nyingine kufumba na kufumbua, nguvu moja tu, na inamtosha. Na Ace, mbwa wa Batman, hana nguvu yoyote, ana kinyago tu cha kuficha alama ya usoni ili asitambulike, na kile kinyago peke yake kinakufanya utabasamu.

Kwahiyo kanuni ninayoifuata mimi, na sitaki kubishana sana juu yake: chukua tabia ambayo mnyama anayo tayari, ikuze mpaka iwe nguvu, halafu iwekee masharti mawili. Sio moja, sio matano. Mawili.

Mfano wetu. Kuku ana tabia gani? Akishtuka anatimka, na popote alipo anatafuta chakula. Basi nguvu ya Kishingo: akishtuka anapotea na kutokea sehemu nyingine, na yeyote aliyemshika anaenda naye. Sharti la kwanza, hawezi kufanya hivyo kwa kutaka, lazima ashtuke. Sharti la pili, hutua kwenye chakula cha karibu kilicho wazi, kikifunikwa hakioni.

Sasa ona kilichotokea. Stelingi wetu ni Radi, kazi yake kupiga ngurumo. Yaani kila shujaa akitumia nguvu zake, kuku anashtuka na kupotea na msaidizi mkononi! Hatukupanga, masharti yenyewe yameleta vurugu. Ukifika mahali nguvu ya mnyama inagongana na nguvu ya stelingi, ujue umepata, acha kutafuta.

Tahadhari kadhaa. Mnyama asiongee. Krypto wa zamani alikuwa anawaza kwa maneno kwenye viputo vya mawazo na inaruhusiwa, lakini kwa komiki fupi mimi napendelea mnyama mkimya kabisa, macho yake yaseme. Pia chagua mnyama uliyekaa naye. Mtoto aliyefuga kuku anajua kuku anageuza kichwa upande mmoja ili akuangalie kwa jicho moja, na hicho ndo kitu kidogo kitakachomfanya msomaji aseme huyu kuku namjua. Ukichagua pengwini kwa sababu ni mzuri, utachora pengwini wa kwenye katuni ya mtu mwingine. Na masharti yote mawili yaonekane mapema kabla hayajahitajika, msomaji akikutana na kawa (kile kifuniko cha chakula) kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa mwisho ataona umemdanganya.

Hatua ya 3: Hadithi kwenye kurasa 6

Ukurasa wa 1 ni jalada na wa 8 ni nyuma, zinabaki sita. Yetu ilikwenda hivi: Bwana Ukame kanyonya maji ya mji mzima (2). Zuwena anakula, anafunika sahani kwa kawa, Kishingo anazunguka kawa haoni kitu (3). Radi anapiga makofi, kuku na Zuwena wanapotea (4). Wanatua kwenye sahani ya pilau ya Bwana Ukame mafichoni kwake, Radi anafika akihema (5). Zuwena anafunika lile pilau, Bwana Ukame kwa hasira anamkamata Kishingo (6). Zuwena anaziba masikio, "Kaka Radi, piga!", na adui anatokea kituo cha polisi katikati ya sufuria ya makande ya askari (7).

Umeona aliyeshinda ni nani? Radi amepiga makofi tu.

Hatua ya 4: Mpangilio wa kurasa

Usichore kurasa kwa kufuatana 1, 2, 3, zitatoka zimevurugika na nusu zitakuwa kichwa chini. Laza A4 kwa upana, ikunje upate vyumba 8, vinne juu vinne chini. Safu ya chini kutoka kushoto: 8, 1, 2, 3. Safu ya juu kutoka kushoto: 7, 6, 5, 4, na hizi za juu zote zinachorwa kichwa chini, kwahiyo ukifika kwake geuza karatasi.

Kama huniamini (na usiniamini, jaribu), kunja kwanza karatasi tupu kama nitakavyoeleza hatua ya 6, andika namba kwenye kila ukurasa kwa kalamu, halafu ifungue uangalie. Hiyo karatasi ya namba ikae mezani muda wote wa kuchora, usiitupe.

Kila ukurasa una upana wa milimita 74 na urefu wa 105, ni mdogo. Acha milimita 7 pembeni pande zote, maana mashine nyingi za kopi hazifiki ukingoni na zitakukata kichwa cha kuku. Fremu (visanduku vya picha) zisizidi 3 kwa ukurasa. Ukurasa wa 4, kuku anapopotea, weka fremu moja tu, kubwa.

Hatua ya 5: Maneno kwanza, picha baadaye

Andika maneno kwa penseli, zungushia kiputo, ndo uchore watu kwenye nafasi iliyobaki. Anayeongea kwanza kiputo chake kikae juu kushoto. Maneno yasizidi kumi kwa kiputo. Pitisha wino, subiri ukauke, futa penseli. Vivuli weka kwa mistari au nukta, penseli ya kusugua kwenye fotokopi inatoka mabaka.

Hatua ya 6: Kopi na kukunja

Peleka stationari, omba kopi ya asilimia 100, upande mmoja. Sisitiza hiyo 100, maana mashine ikipunguza kidogo tu mikunjo haitakaa kwenye mistari. Kopi ikunje kwanza upate vyumba 8 kama hatua ya 4, ifungue, halafu ikunje nusu iwe A5, kata kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo kufuata mstari wa katikati, simama ukifika mkunjo unaofuata. Fungua, kunja kwa urefu picha zikiwa nje, shika ncha mbili sukuma ziende katikati mpaka pale palipokatwa patanuke, halafu laza kurasa zifuatane jalada likiwa juu. Ile karatasi yenyewe uliyochora usiikunje tena wala usiikate, iweke ndani ya faili, ndo utakayotolea kopi nyingine darasa zima likianza kuomba.